Windows 10 imefika mwisho: ofisi za umma zihamie programu huria? Munich walikwama wapi, na sisi tutakwama wapi

Mzee_Kiolezo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilitoka kwenye huduma ya kawaida ya Microsoft. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Ofisi yenye mashine za kizazi cha nne au cha sita, ambazo bado zinawaka vizuri tu, inaambiwa inunue mpya. Ndiyo maana hoja ya "tuhamie Linux" (mfumo endeshi huria, yaani msimbo wake uko wazi na hauna leseni ya kulipia) imerudi mezani kwenye halmashauri na kaunti. Kabla hatujashikana mashati, tuangalie waliotutangulia.

Munich, Ujerumani, waliingia njia hiihii kwa sababu hiihii. Windows NT 4.0 ilikuwa inaachwa, na jiji lilikuwa na kompyuta takribani 14,000 ambazo lazima zihame, iwe kwenda huku au kule. Mei 2003 baraza likapiga kura kwenda Linux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza likizo yake kwenda kumwona meya Christian Ude, lakini hakufua dafu. Kuhamisha kwenyewe kulianza 2006, kukakamilika 2013. Mfumo wao waliuita LiMux.

Mwaka 2014 akaingia meya mwingine, Dieter Reiter. Februari 2017 baraza likaamua kuelekea Windows, na Novemba mwaka huohuo likapitisha mpango wa Windows 10 hadi 2020, kwa gharama ya takribani euro milioni 49. Katikati hapo, 2016, makao makuu ya Microsoft nchini Ujerumani yalihamia ndani ya jiji hilohilo. Kila mtu ajumlishe anavyoona.

Wengi wanasoma habari hii kama "Linux ilishindwa". Si kweli. Ripoti ya washauri iliyoagizwa na jiji 2016 ilikuta tatizo kubwa liko kwenye mpangilio wa TEHAMA yenyewe: idara nyingi, kila moja na watu wake na matoleo yake, uamuzi unachukua miezi. Mtumishi printa yake ikigoma, analaumu LiMux. Na mwanasiasa akitaka kuiondoa, lawama tayari ziko kwenye meza, amewekewa.

Hoja yangu ni moja: leseni ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Anayeshika violezo, makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), seva na fungu la bajeti ndiye anayeamua kama mradi utavuka uchaguzi unaofuata. Karibuni tuchambue.

---

Chumvi_Kidogo

Mkuu umenena, ila umeruka shimo kubwa la kwetu. Munich walikuwa wanalipa leseni, kwa hiyo kuacha leseni kuliokoa hela, na jiji lenyewe lilidai limeokoa zaidi ya euro milioni 10. Huku kwetu LibreOffice (programu huria ya kuandika na ya hesabu) haishindani na Office ya kulipia. Inashindana na Office iliyokrakiwa, ambayo nayo ni "bure". Ukienda kwa mkurugenzi na hoja ya bei, atakuuliza "kwani sasa hivi tunalipa shilingi ngapi?" Jibu ni sifuri, na mjadala umeisha hapo.

Hoja inayosimama ni nyingine. Ile programu ya kuamsha Windows kwa wizi huwekwa kwa haki za msimamizi na antivirasi ikiwa imezimwa. Yaani mtu usiyemjua umempa funguo za mashine inayoandaa malipo ya watumishi. Mkaguzi wa ndani hilo analielewa haraka kuliko falsafa ya uhuru wa msimbo.

---

BiSeva

Nakubaliana na Chumvi. Naongezea kazi za mikono, maana nyuzi hizi huishia kwenye siasa.

Hatua ya kwanza si kusakinisha kitu. Ni kuhesabu. Kwenye seva ya mafaili (au diski ya nje ya yule katibu muhtasi ambaye ndiye seva halisi ya ofisi) endesha:

find /data -type f \( -iname '*.xlsm' -o -iname '*.docm' -o -iname '*.xls' -o -iname '*.mdb' -o -iname '*.accdb' \) -mtime -365

Hiyo inatoa mafaili yaliyoguswa ndani ya mwaka mmoja yanayoweza kuwa na makro, pamoja na hifadhidata za Access ya Microsoft. Yagawe mafungu matatu. Yasiyo na makro, yaache yaende. Yenye makro ndogo za VBA (lugha ya makro ya Microsoft), yajaribu kwenye LibreOffice, maana inaendesha sehemu ya VBA. Za kupanga safu na kujaza seli mara nyingi hupita, zinazoita Outlook au maktaba za Windows hufa. Fungu la tatu ni Access na Power Query (zana ya Excel ya kuvuta data). Hilo usilipeleke LibreOffice kabisa. Power Query haimo, na hifadhidata ya Access inayotumiwa na watu watano inastahili kuhamia hifadhidata huria, PostgreSQL au MariaDB, yenye fomu ya kwenye kivinjari.

Kwa Excel za kawaida hali si mbaya. Tangu toleo 24.8 Calc (ya hesabu ndani ya LibreOffice) ina XLOOKUP, FILTER, SORT na UNIQUE. Ukiweka toleo la zamani linalokuja na Linux ya miaka mitatu nyuma, fomula hizo zitatoa makosa na watu watasema "LibreOffice haijui hesabu".

---

Msumeno

Dada BiSeva, marekebisho madogo kwenye amri yako. Ule ukomo wa siku 365 usiutumie kwa violezo. Kiolezo cha barua kinaweza kuwa hakijahaririwa tangu 2014 na kinafunguliwa kila siku. Tafuta .dot, .dotx na .dotm bila kigezo cha tarehe.

Na hapa ndipo Munich walipotumia nguvu nyingi. Walikuta violezo kwa maelfu, vingi vikirudiana, kila idara na nembo yake iliyopinda. Ikabidi watengeneze zana yao, WollMux, ya kusimamia violezo na fomu ndani ya OpenOffice (mtangulizi wa LibreOffice), na 2008 wakaitoa kama programu huria. Kazi nzuri, lakini tazama upande wa pili: sasa jiji lina programu yake ya kuitunza milele. OpenOffice ikibadilika, WollMux lazima ibadilike. Wakitoka walioiandika, umebaki na mtoto wa kulea.

Ofisi ya kompyuta 150 haihitaji WollMux. Inahitaji violezo visivyozidi ishirini: barua, dokezo, muhtasari wa kikao, hati ya malipo na vichache vingine. Vitengenezwe upya kwa mitindo ya aya, siyo kwa kubonyeza nafasi na Enter mpaka maneno yakae sawa. Nusu ya malalamiko ya "barua imeharibika" chanzo chake ni barua iliyopangwa kwa nafasi tupu.

---

Mgeni_wa_Terminal

Na kubadilisha mafaili ya zamani yote kwa mkupuo? Nimeona amri ya soffice --convert-to, inaendeshwa, inamaliza, folda iko tupu. Hakuna ujumbe wa kosa.

---

BiSeva

LibreOffice ilikuwa wazi kwenye akaunti hiyohiyo. Amri ya pili inakabidhi kazi kwa ile iliyo wazi, na kazi inapotea kimya kimya. Ipe wasifu wake wa pembeni:

soffice -env:UserInstallation=file:///tmp/lo_kazi --headless --convert-to odt --outdir /data/mpya /data/zamani/*.docx

Lakini usibadilishe kumbukumbu zote. Faili ambalo halitahaririwa tena liende PDF/A (PDF ya kuhifadhi muda mrefu), na la asili libaki palepale bila kuguswa. ODT, muundo wa LibreOffice, ni kwa yanayofanyiwa kazi.

---

KauntiMoja

Wadau, kutoka upande wa Kenya niweke jambo ambalo watu husahau. Tunajadili kana kwamba programu huria ni kitu kigeni serikalini, na ilhali takwimu za afya za nchi zetu ziko juu yake miaka mingi. DHIS2 ni huria, leseni ya BSD, na inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliiwasha nchi nzima kupitia intaneti 2011, ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Tanzania wanayo pia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa na timu yake.

Asili yake ni siasa tupu. Ilianzia Cape Town baada ya 1994. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umekata huduma za afya vipande kwa rangi na kwa maeneo, kila kipande na fomu zake. Wanaharakati wa afya na watafiti wa Oslo wakataka wilaya ione takwimu zake yenyewe, si kuzituma juu tu. Utani wa historia ni kwamba toleo la kwanza liliandikwa juu ya Microsoft Access!

Sasa somo. DHIS2 inaendeshwa kwa Java, Tomcat na PostgreSQL yenye PostGIS. Hakuna kati ya hivyo unachokilipia leseni. Bili inatoka kwa seva, umeme, nakala rudufu, na watu wawili watatu wanaojua kuisasisha bila kuvunja viashiria. Vivyo hivyo KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, msimbo haukupotea hata mstari mmoja. Kilichotikisika ni mishahara ya watu wanaoutunza. Kama mishahara hiyo haimo kwenye bajeti ya wizara au kaunti, basi uhuru wa programu uko mikononi mwa mfadhili, hata leseni iandikwe nini.

---

Chumvi_Kidogo

KauntiMoja ametaja kiini. Na kosa jingine la mifumo hii ni mtu kuingia ndani ya msimbo wa msingi na kuubadilisha ili kukidhi ombi la bosi mmoja. Mwaka wa kwanza anapongezwa. Mwaka wa tatu toleo rasmi limesonga mbele mara tano, lenu limebaki kule, na kila kiraka cha usalama kinahitaji kuunganishwa kwa mkono. DHIS2 na OpenMRS zote zina njia ya kuongeza moduli au app pembeni. Ombi lisilowezekana pembeni, lipelekwe kwa mradi mkuu au likataliwe.

---

Askari_wa_Lango

Naona mnapamba sana. Msimbo uko wazi kwa kila mtu, pamoja na mhalifu. Mmesahau xz?

---

Msumeno

Hatujasahau. Machi 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz (zana huria ya kubana mafaili) yalikutwa na mlango wa nyuma uliolenga SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Aliyepandikiza alitumia jina Jia Tan, akasaidia mradi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kwa sababu mtunzaji halisi alikuwa mtu mmoja aliyechoka. Aliyeligundua ni Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft (ndiyo, Microsoft), baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa karibu nusu sekunde. Aliweza kuufuata mnyororo mpaka mwisho kwa kuwa msimbo ulikuwa mbele yake.

Kwa ofisi yetu maana yake ni hii: tumia toleo tulivu la Linux, yaani Debian au Ubuntu LTS (ya huduma ndefu), siyo la majaribio. Matoleo yale yenye sumu yalikuwa yamefika kwenye njia za majaribio; Debian tulivu haikuwa nayo. Mwenye pupa ya toleo jipya ndiye aliyekula hasara.

Na kama unataka siasa yenyewe: Oktoba 2024 watunzaji kadhaa wa Kirusi waliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa kernel (kiini) ya Linux kwa sababu ya vikwazo. Leseni huria ya GPL haikuguswa, na Urusi inaendelea kuinakili na kuitumia Linux. Ila kiti cha kuamua nini kinaingia kwenye kernel wamekikosa. Vitu viwili tofauti hivyo, tusivichanganye.

---

Askari_wa_Lango

Sawa, nimekuelewa. Lakini swali la printa hamjaligusa, na printa ndiyo inayoua miradi.

---

BiSeva

Kweli kabisa. Andika modeli ya kila printa kabla ya kugusa kompyuta hata moja.

HP nyingi za leza: kifurushi cha hplip, baadhi zikidai programu-jalizi ya ziada kutoka HP, kwa hiyo uwe na intaneti siku hiyo. Epson za mfululizo wa L, zile za matangi ya wino: dereva ya escpr. Kyocera: faili la PPD (maelezo ya printa) kutoka kwao.

Jinamizi ni Canon LBP2900, ambayo imejaa maofisini na kwenye steshenari. Inazungumza lugha ya Canon iitwayo CAPT. Dereva ya Linux ya Canon ni ya zamani, inategemea maktaba za biti 32 na huduma ya nyuma inayokufa kila printa ikizimwa. Usipoteze wiki nzima hapo. Ama ibaki kwenye kompyuta moja ya Windows na watu waipelekee PDF, ama ipelekwe ofisi ambayo haihami, na ununuzi ujao wa printa udai PCL au PostScript, lugha za printa zinazoeleweka kote, kwa maandishi.

Mashine za kuchapa kidole za mahudhurio na programu za uhasibu za kusakinisha ziingie orodha hiyohiyo. Hata Munich Windows haikuondoka kabisa. Ilibaki kwa programu zilizokataa kuhama. Hakuna aibu kuacha kompyuta kumi kati ya 150.

---

Mzee_Kiolezo

Hapo BiSeva amenipeleka kwenye utaratibu. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa hawakuanza na Linux. Walianza na OpenOffice juu ya Windows 2005, 2006 wakaweka Firefox na Thunderbird, na Linux yenyewe, Ubuntu, ikaja 2008. Leo kompyuta zao za Linux zimevuka 100,000. Mtumishi alipoamka na kukuta Windows haipo, programu zake zote alikuwa anazijua. 

Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani hiyohiyo, wanafuata mpangilio wa Wafaransa. Aprili 2024 walitangaza kompyuta takribani 30,000 kuhamia LibreOffice kwanza, Linux baadaye. Oktoba 2025 wakatangaza kumaliza barua pepe: visanduku zaidi ya 40,000 kutoka Exchange ya Microsoft kwenda Open-Xchange na Thunderbird. Malalamiko yalikuwepo, barua pepe ikiyumba hakuna anayenyamaza. Ila wameweka ODF kama muundo rasmi wa nyaraka, na hilo kwangu ni kubwa kuliko Linux yenyewe. Akija waziri mwingine anaweza kurudisha Windows, lakini nyaraka zitaendelea kufunguka popote.

---

KauntiMoja

Na kwenye zabuni tuandike nini? Maana huko ndiko mambo huharibikia. Mzabuni anakuja na "mfumo huria", anaondoka na nywila.

---

Chumvi_Kidogo

Ibara zisizokosekana, kwa maneno ya kawaida:

Jina la kikoa na akaunti kuu ya usimamizi viandikwe kwa jina la ofisi, kwa anwani ya barua pepe ya ofisi, siyo ya fundi. Msimbo na mipangilio yote ikabidhiwe kwenye hazina ya Git (ghala la msimbo) ya ofisi kila mwezi, si mwisho wa mkataba. Nakala rudufu irejeshwe kwa majaribio mbele ya mtumishi wa ofisi mara moja kila robo mwaka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haina tofauti na picha ya gari. Nyaraka za kuhaririwa ziwe ODF, yaani ISO/IEC 26300, na za kuhifadhiwa PDF/A. Malipo ya mwisho, asilimia kumi hivi, yatoke baada ya mtu mwingine kabisa kuusimika mfumo kwenye seva tupu kwa kufuata maelezo ya mzabuni.

Hiyo ya mwisho wazabuni wanaichukia. Usiiondoe.

Kwa Tanzania, kumbukeni eGA (Mamlaka ya Serikali Mtandao) wapo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na ndio wanaosimamia viwango vya TEHAMA vya taasisi za umma. Halmashauri isijifanyie peke yake kisha ishangae mradi ukisimamishwa. Na mifumo ya kitaifa inayofunguka kwenye kivinjari, kama NeST ya manunuzi, ijaribiwe yote kwenye Firefox kabla ya siku ya kuhama, pamoja na kupakia viambatisho.

---

Mgeni_wa_Terminal

Hivi LibreOffice ya Kiswahili ipo? Mafunzo yangekuwa rahisi.

---

Mzee_Kiolezo

Historia ipo, na inauma kidogo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Wasweden, walitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. OpenOffice nzima ya Kiswahili, na istilahi zilizofikiriwa vizuri. Microsoft nao baadaye wakaja na kifurushi chao cha Kiswahili. Lakini tafsiri ya programu haimalizwi. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice 2010, inatoa toleo kila Februari na Agosti, na kila toleo lina menyu na jumbe mpya. Ufadhili wa mradi ukiisha, asilimia ya Kiswahili inashuka yenyewe bila mtu kufuta neno.

Ofisi ikitaka kufufua, tafsiri hufanyika kwenye jukwaa la Weblate la The Document Foundation, wasimamizi wa LibreOffice, kwa kivinjari tu. Anzeni na menyu za Writer, acheni msaada wa ndani, ni mrefu mno. Na mhusika awe mtumishi mwenye saa zake mbili kwa wiki kwenye majukumu yake ya kazi.

---

Askari_wa_Lango

La mwisho. Nimefungua barua ya Word, ukurasa mmoja umekuwa miwili, saini imekwenda ukurasa wa pili peke yake. Bosi akiona hivyo mradi umekufa.

---

BiSeva

Fonti. Weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria. Upana wa herufi ni uleule, mistari haitasogea. Liberation inashika nafasi ya Times New Roman, Arial na Courier New. Kwenye Debian na Ubuntu:

apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea fonts-liberation

Tatizo ni Aptos, fonti mpya ya Word. Haina mbadala wa upana sawa, kwa hiyo barua za nje zitasogea tu. Za kwenu wenyewe zitoke kama PDF. Wakati wa kutoa PDF kuna kisanduku cha kupachika faili la ODF ndani yake. Ukikitia tiki, anayepokea anaona PDF safi, na nyinyi mkiifungua tena kwa LibreOffice mnaihariri kama kawaida. Kisanduku hicho kizimwe kwa barua zinazotoka nje kama kuna mabadiliko yaliyofuatiliwa ndani, maana nayo yanasafiri humohumo.